Karakana ya Wasomaji: Kuchagua na Kusimika Mashine ya Kukereza Chuma

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu mashine ya kukereza chuma, ambayo mafundi wengi wa Gerezani na Kariobangi huiita leti. Tumechagua tano ambazo majibu yake yatawafaa na wengine. Baadhi ya barua tumezifupisha.

SWALI: Shikamoo fundi. Nina karakana ya uchomeleaji hapa Tanga. Wateja wangu ni wenye boti za uvuvi na wenye mashine za kusaga nafaka, na mara kwa mara nalazimika kupeleka shafti na bushi kwa fundi mwingine zikakerezwe, nami nabaki na faida ndogo. Sasa nimepata fedha za kununua mashine yangu mwenyewe. Nimeonyeshwa mbili: moja ni mpya ya Kichina, ndogo, ya kuweka juu ya meza, nyingine ni ya Kiingereza, kuukuu na nzito, iliyotoka katika shule ya ufundi. Bei zake zinakaribiana. Nichukue ipi?

JIBU: Marahaba. Kabla ya kutazama mashine, itazame kazi yako. Chukua daftari uandike kipenyo na urefu wa kila shafti ambayo umewahi kuipeleka kwa mwenzako, kwa kuwa daftari hilo litakushauri vizuri kuliko muuzaji yeyote. Katika matangazo ya mashine hizi utakuta namba mbili zinatajwa kwa majigambo: kipenyo cha kazi (yaani kipande kinachokerezwa) kubwa kuliko zote inayoweza kuzunguka juu ya kitanda (reli ndefu za mashine) bila kukigonga, na umbali kati ya ncha ya kichwa (upande unaozungusha kazi) na ncha ya mkia (upande wa pili unaoitegemeza). Namba ya tatu hutajwa mwishoni, au haitajwi kabisa, nayo kwa biashara yako ndiyo yenye uzito: ni kipenyo cha tundu linalopita katikati ya spindo, ule mhimili unaozungusha kazi.

Shafti ya rafadha ya boti inaweza kuwa na urefu wa mita mbili na zaidi. Huhitaji mashine ya mita mbili ili kukereza ncha yake. Unachohitaji ni tundu la spindo ambalo shafti hiyo itapenya, ili sehemu ya kufanyiwa kazi ibaki mbele ya chaki (kifungio chenye meno kinachoshika kazi) na urefu uliosalia utokeze nyuma ya kichwa. Zile mashine ndogo za mezani zinazouzwa sana siku hizi huwa na tundu la takribani 20 mm. Shafti ya 38 mm haitapita hapo, na kwa kuwa kitanda chake kina urefu wa 350 mm tu kati ya ncha na ncha, haitaingia kwa njia nyingine pia. Kwa kazi ulizozieleza nisingeshuka chini ya tundu la 40 mm. Mashine za Kichina za kundi la C6140, ambazo zimeenea sana Afrika Mashariki, huwa na tundu la takribani 52 mm na huzungusha kazi ya kipenyo cha 400 mm juu ya kitanda. Lakini uzito wake hukaribia tani mbili na mota yake ni ya kilowati 7.5, kwa hiyo usiinunue kabla ya kujua utaipa umeme gani.

Nitumie nafasi hii kutoa tahadhari moja. Shafti iliyotokeza nyuma ya kichwa bila kushikiliwa ni hatari kubwa. Ikizungushwa kwa kasi, ncha iliyo huru huanza kupinda, kisha hujikunja ghafla na kupiga kila kilicho karibu. Weka stendi yenye bushi ya mbao au ya nailoni nyuma ya mashine, upunguze mizunguko, na mtu yeyote asipite upande huo wakati mashine inafanya kazi.

Jambo la pili ni uzito. Mashine ya kukereza hukata vizuri kwa sababu haitikisiki, na haitikisiki kwa sababu ina chuma kingi cha kalibu kilichomiminwa mahali panapostahili. Mashine ya kilo 40 itakereza bushi ya shaba nyeusi kwa uzuri ukiwa na subira, lakini ukiipa shafti ya chuma cha pua itapiga kelele na kuacha mawimbi juu ya kazi. Kwa hiyo mwelekeo wangu uko upande wa ile ya Kiingereza, kwa sharti kwamba uikague vilivyo, maana mashine za shule zina historia ya aina yake: kitanda mara nyingi hakijachakaa sana kwa kuwa haikufanya kazi usiku na mchana, ila wanafunzi huwa wamegongesha kibebeo cha kisu kwenye chaki mara nyingi, na gia zimeumia.

Siku ya kwenda kuikagua, chukua tochi, kitambaa, saa ya kupimia (kipimo chenye sindano kinachoonyesha msogeo mdogo) yenye kishikio cha sumaku na kipande cha bomba nene chenye urefu wa nusu mita. Anza na kitanda. Sogeza kibebeo karibu na chaki, mahali ambapo kazi nyingi hufanyika, ukaze gibu zake (vipande vinavyokibana kisicheze) taratibu mpaka uhisi kinakwenda kwa uzito kidogo. Kisha kisukume hadi upande wa mkia. Kikikwama njiani, kitanda kimelika upande wa kichwa na hakijalika upande wa mkia. Kukwama kidogo kwenye robo ya mwisho kunavumilika kwa kazi za matengenezo. Kikikwama kabla ya katikati, teremsha bei sana au ondoka.

Baada ya hapo funga bomba lako kwenye chaki, weka ncha ya saa ya kupimia juu ya pua ya spindo, si juu ya chaki, kisha nyanyua bomba kwa mkono kwa nguvu ya kawaida. Sindano ikiruka zaidi ya mistari miwili au mitatu ya 0.01 mm, beringi zinahitaji kukazwa au kubadilishwa. Kukaza ni kazi ya saa chache, ila kubadilisha beringi za spindo kunaweza kula sehemu kubwa ya bei ya mashine, kwa hiyo fahamu ni lipi kabla ya kutoa fedha. Mwishowe omba mashine iwashwe na uipitishe katika kila kasi iliyo nayo, moja baada ya nyingine. Mngurumo wa gia zilizonyooka ni wa kawaida. Mlio wa kugonga unaojirudia kwa mpigo katika kasi moja tu ni dalili ya jino lililovunjika.

Usisahau vifaa vinavyoandamana nayo. Chaki ya meno manne, sahani ya kufungia kazi, stedi (kishikilio cha kuzuia kazi ndefu isiyumbe) na seti kamili ya gia za kubadilisha vinaweza kukugharimu fedha nyingi ukivitafuta kimoja kimoja baadaye, tena kwa mashine ambayo haitengenezwi tena. Mashine nyingi za zamani za Kiingereza zina skrubu kuu (ile inayosogeza kibebeo wakati wa kukata thredi) iliyokatwa kwa inchi, na ili ikate thredi za milimita kwa usahihi kamili huhitaji gia ya meno 127. Namba hiyo inatokana na inchi moja kuwa 25.4 mm, na 127 ni mara tano ya 25.4, hakuna gia yenye meno machache zaidi inayotoa jibu kamili. Hesabu meno yake mwenyewe, maana gia ya 120 na ya 127 zinafanana sana machoni.

Wasomaji wengine wameuliza kuhusu mashine za Kihindi kutoka Rajkot na Batala. Zina chuma cha kutosha na bei yake ni nzuri, lakini umaliziaji hutofautiana sana hata kati ya mashine mbili za karakana moja, kwa hiyo ukaguzi niliouelezea hapa uufanye hata kama mashine ni mpya. Hapa nyumbani kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools, wilayani Hai, kiliwahi kutengeneza zana za aina hii, na ukibahatika kuikuta moja iliyotunzwa usiipuuze.

SWALI: Mimi ni fundi wa Kariobangi, Nairobi. Nimenunua mashine iliyotumika, urefu wa 750 mm kati ya ncha na ncha. Nikikereza chuma chenye urefu wa 200 mm kilichoshikwa na chaki peke yake, upande wa nje unatoka mnene kuliko upande wa chaki. Muuzaji ameniambia nisogeze mkia. Nimeusogeza mbele na nyuma lakini tofauti haiondoki. Kasoro iko wapi?

JIBU: Muuzaji amemsingizia asiyehusika. Ikiwa kazi imeshikwa na chaki peke yake na mkia haujaigusa, basi mkia hauwezi kuharibu chochote, hata ukiung'oa na kuuweka nje ya karakana. Kosa liko kati ya spindo na kitanda, na mara nyingi chanzo chake ni sakafu: kitanda kimejipinda, kama ubao uliolazwa juani, kwa sababu miguu minne ya mashine haijakaa sawa. Chuma cha kalibu huonekana kigumu, lakini kitanda cha urefu huo hupindika kwa uzito wake chenyewe kiasi cha kuonekana kwenye maikromita.

Nitaeleza utaratibu wote tangu mwanzo, kwa kuwa hatua zake zina mpangilio wake na ukiruka moja utaanza upya.

Sakafu iwe ya zege lenye unene wa kutosha. Kwa mashine ya ukubwa huo 150 mm zenye nondo zinatosha, na zege jipya liachwe likomae siku 28 kabla ya kubebeshwa mzigo. Wakati wa kuiteremsha mashine kutoka kwenye lori, kumbuka kwamba uzito wake mwingi uko juu na upande wa kichwa, kwa hiyo huanguka kwa urahisi wa kushangaza. Mkanda wa kunyanyulia upite chini ya kitanda. Usiufunge kwenye skrubu kuu wala kwenye fimbo ya kulishia, kwa kuwa zikipinda hazinyooki tena. Sogeza kibebeo na mkia hadi mwisho wa kitanda ili kusawazisha uzito, kisha uvikaze.

Mashine ikishakaa mahali pake, ondoa grisi ya kiwandani kwa mafuta ya taa na brashi, upake mafuta mapya, ndipo uanze kupima. Pima maji ya fundi mwashi haifai hapa. Ile ya kawaida huonyesha tofauti ya takribani 0.5 mm kwa kila mita, ilhali unayohitaji ni ya mafundi mitambo yenye uwezo wa kuonyesha 0.02 mm kwa mita. Ni ghali, na huitumii kila siku, kwa hiyo azima kwenye chuo cha ufundi au kwenye karakana kubwa. Mafundi watatu au wanne wanaweza pia kuchangia moja. Iweke kukingama kitanda karibu na kichwa, usome mahali povu lilipo, kisha uipeleke upande wa mkia bila kuigeuza na usome tena. Shabaha yako ni kupata masomo mawili yanayofanana. Si lazima povu liwe katikati kabisa: ndani ya meli kuna mashine za kukereza zinazofanya kazi safi huku chombo kikiyumba, kwa sababu kitanda chake hakijajipinda, ingawa hakijawahi kukaa mlalo. Masomo yakitofautiana, inua au shusha mguu wa upande wa mkia kwa bolti za kusawazishia au kwa vibati vyembamba. Ukuta wa kopo la soda una unene unaokaribia 0.1 mm na hutosha kabisa kwa marekebisho ya mwisho.

Kaza bolti za sakafu kidogo kidogo, ukizunguka miguu yote, kwa sababu kukaza kwenyewe hupindisha kitanda. Pima tena. Iache mashine ilale usiku mmoja, upime asubuhi.

Sasa ndipo tunaiuliza mashine yenyewe, kwa kuwa pima maji inajua habari za kitanda tu na haijui spindo inaelekea wapi. Chukua kipande cha chuma laini au cha alumini chenye kipenyo cha takribani 40 mm, ukifunge kwenye chaki kikitokeza 200 mm, bila mkia. Kata sehemu ya katikati iwe nyembamba kidogo, ukiacha pete mbili zenye upana wa 15 mm hivi, moja karibu na chaki na nyingine kwenye ncha. Noa kisu kikali sana, chenye pua ndogo, uweke kina cha 0.1 mm au chini yake, upitishe kisu juu ya pete zote mbili kwa mwendo wa mashine bila kugusa gurudumu la slaidi ya kukingama (ile inayosogeza kisu ndani na nje). Halafu pima pete zote mbili kwa maikromita. Kipande chembamba au kisu butu kitakudanganya, maana chuma kitajisukuma mbali na kisu kwenye ncha iliyo huru na pete ya nje itatoka nene hata kama kitanda kimenyooka.

Katika barua yako unasema upande wa nje ndio mnene. Maana yake ni kwamba kisu kinapokwenda upande wa mkia kinajitenga na mhimili wa spindo na kukuelekea wewe uliyesimama mbele. Ili kukirudisha ndani, inua kidogo mguu wa mbele wa upande wa mkia, au shusha ule wa nyuma. Kitanda kitajiviringisha kuelekea nyuma na kisu kitasogea kwenye kazi. Ingekuwa upande wa nje ni mwembamba, ungefanya kinyume chake. Kumbuka pia kwamba tofauti ya kipenyo ni maradufu ya kusogea kwa kisu: pete zikitofautiana kwa 0.06 mm, kisu kimehama 0.03 mm tu. Ongeza kibati kimoja, kaza, pitisha kisu, pima. Rudia. Ni kazi ya kuchosha, na mtu mwenye haraka heri aiache hadi siku ambayo hakuna mteja anayesubiri mlangoni. Kwa karakana ya matengenezo, tofauti isiyozidi 0.02 mm katika urefu wa 200 mm inaridhisha, na mimi binafsi nisingepoteza nusu siku nyingine kuitafuta 0.01 kwenye kitanda kilichokwisha kulika.

Mkia ndio wa mwisho. Chuma chenye urefu wa 300 mm hivi kifungwe kati ya ncha mbili, kikerezwe pete kwenye kila mwisho kwa namna ileile, na tofauti iondolewe kwa skrubu za pembeni za mkia. Ukianza na mkia wakati kitanda bado kimejipinda, utasahihisha kosa moja kwa kosa lingine, na kila ukibadilisha urefu wa kazi tofauti itarudi. Rudia jaribio la pete baada ya wiki chache, na kila mashine inapohamishwa.

Ikiwa kitanda kimenyooka kwa pima maji lakini pete bado zinatofautiana sana, huenda kichwa kimewahi kufunguliwa na kurudishwa vibaya. Hapo usiguse bolti zake kwa kubahatisha. Tafuta fundi aliyewahi kufanya kazi hiyo.

SWALI: Niko Morogoro. Mashine niliyoipenda ina mota ya fezi tatu, na nyumbani nina umeme wa fezi moja tu. Fundi mmoja ameniambia nibadilishe mota, mwingine anasema kuna kifaa cha kugeuza umeme. Nani yuko sahihi?

JIBU: Wote wawili, kutegemea kilichoandikwa kwenye kibao cha mota. Kifaa unachoambiwa ni inveta ya mota, ambayo hupokea fezi moja ya volti 230 na kutoa fezi tatu za volti 230. Zile za kupokea fezi moja hupatikana kwa urahisi hadi kilowati 2.2 hivi. Soma kibao. Kikiandikwa 230/400, mota inaweza kuunganishwa kwa delta (muunganisho wa volti ile ndogo) na kufanya kazi kwa volti 230, na fundi umeme atahamisha vile vibati vitatu ndani ya kisanduku cha mota kwa dakika chache. Kikiandikwa 400/690, delta yake ni ya volti 400 na inveta ya namna hiyo haitaitosheleza. Hapo aliyesema ubadilishe mota ana hoja. Mashine yenye mota ya kilowati 7.5 iache kabisa mpaka uombe laini ya fezi tatu TANESCO.

Mafundi wengi hukosea mahali pamoja: huiacha swichi ya zamani ya mashine kati ya inveta na mota. Kukata au kuunganisha mota wakati inveta inafanya kazi kunaweza kuiunguza inveta. Inveta iungwe na mota moja kwa moja, na swichi za kuwasha, kuzima na kurudisha nyuma zihamishiwe kwenye vituo vya amri vya inveta. Kasi uendelee kuibadilisha kwa gia au mikanda ya mashine, kwa kuwa mota inayozungushwa polepole sana kwa inveta hupoteza nguvu na feni yake haipozi tena.

Kwa walio na fezi tatu za kweli, wekeni kinga ya kupotea kwa fezi. Fezi moja ikikatika mota huendelea kuzunguka kwa mbili zilizobaki, hupata joto na kuungua, na pengine wewe uko dukani unanunua soda. Mota ikizunguka kinyume siku ya kwanza, badilishaneni nyaya mbili kati ya tatu. Ila kama chaki yenu hufungwa kwa thredi kwenye pua ya spindo, fanyeni jaribio hilo bila chaki, kwa sababu ikizungushwa kinyume inaweza kufunguka na kuruka.

SWALI: Shikamoo. Ninaishi Texas, Marekani, na ninajifunza kazi ya kutengeneza bunduki za uwindaji kwa fundi mwenye leseni. Nataka mashine yangu ya kukereza ya kuweka gereji. Wenzangu wananiambia kuna mashine maalumu za mafundi bunduki. Zina tofauti gani na za kawaida, au ni biashara tu?

JIBU: Marahaba. Tofauti ipo, ingawa ni ndogo kuliko jina lake. Kazi ya mtutu inataka mambo mawili kutoka kwa mashine: mtutu upite ndani ya spindo, na uweze kusawazishwa kwenye miisho yote miwili ya spindo, kwa sababu tundu la mtutu ndilo linalopaswa kuzunguka bila kuyumba, na tundu hilo mara nyingi haliko katikati kamili ya uso wa nje. Mitutu minene ya shabaha hufikia inchi 1.25 upande wa nyuma, yaani karibu 32 mm, kwa hiyo tundu la spindo la 35 hadi 40 mm ndilo linalotakiwa. Mbele hutumika chaki ya meno manne, ambayo kila jino hukazwa peke yake. Ile ya meno matatu hujikaza yenyewe lakini kuyumba kwa 0.05 mm au zaidi ni jambo la kawaida kwake. Nyuma ya kichwa hufungwa pete yenye bolti nne za kusogeza mwisho wa pili wa mtutu.

Pete hiyo ya nyuma ndiyo alama kubwa ya mashine zinazouzwa Marekani kwa jina la mafundi bunduki, kama vile Grizzly G4003G, na mkerezaji hodari huweza kuitengeneza mwenyewe kwa mashine ya kawaida. Jambo lisilotengenezeka baadaye ni urefu wa kichwa. Kichwa kikiwa kirefu mno, mtutu mfupi hautafika kwenye ile pete ya nyuma, nawe utaishia kufanya kazi kwa stedi. Kwa hiyo nenda dukani na utepe, upime kutoka usoni mwa chaki hadi mwisho wa spindo, ulinganishe na mtutu mfupi kuliko yote unayotarajia kuushika. Kama kwenye michoro ya kazi yenu vipimo ni vya inchi na thredi zinahesabiwa kwa inchi, chagua mashine yenye skrubu kuu na magurudumu ya inchi ili usiwe unageuza hesabu kutwa. Pia ukinunua mashine iliyotoka nchi ya umeme wa hezi 50, mota yake itazunguka kwa kasi zaidi kwa asilimia 20 kwenye hezi 60 za huko. Kusimika ni kulekule nilikomweleza fundi wa Kariobangi, na kwa kazi yako jaribio la pete lina umuhimu zaidi kuliko kwetu.

Sheria za shirikisho za Marekani zinamtaka anayefanya biashara ya kutengeneza bunduki za wateja awe na leseni inayotolewa na ATF, idara ya serikali inayosimamia silaha, kwa hiyo mpaka upate yako kazi za wateja zibaki chini ya mwalimu wako. Na kwa wasomaji wa nyumbani watakaovutiwa na jibu hili: Tanzania ina Sheria ya Kudhibiti Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Kazi hiyo haifanywi bila kibali, hata kama ni kukereza kipuri kimoja tu cha bunduki ya jirani.

SWALI: Hapa Unguja kila kitu kinashika kutu. Mashine yangu nilipaka mafuta ya injini, baada ya wiki kitanda kimeanza madoa. Nipake nini? Na je, naweza kutumia visu vya kabaidi kwenye mashine ndogo?

JIBU: Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi huvuta unyevu hata chini ya mafuta. Kitanda kipakwe mafuta maalumu ya slaidi, ya daraja la ISO 68, ambayo hung'ang'ania chuma badala ya kutiririka. Kichwani tumia daraja lililoandikwa kwenye kibao cha mashine, mara nyingi 32 au 46. Mafuta ya injini yana sabuni inayoshikilia uchafu ukielea badala ya kuuacha utulie chini, jambo zuri kwenye injini yenye chujio lakini si kwenye kichwa cha mashine kisicho nalo. Jioni futa nyuzi zote za chuma, hasa kama umetumia maji ya kupozea, kwa sababu maji hujificha chini ya kibebeo na kutoboa vishimo ambavyo utaviona siku ukikisogeza. Paka mafuta, funika kwa shuka la pamba. Usifunike kwa nailoni, maana hufungia unyevu ndani.

Kabaidi (mchanganyiko mgumu sana lakini mwepesi kumeguka) itumie ukipenda, lakini inataka kasi na mashine isiyotikisika. Chuma laini cha 50 mm kinachokerezwa kwa kisu cha haispidi (chuma maalumu cha visu) kwa mwendo wa mita 25 kwa dakika kinahitaji mizunguko 160 tu kwa dakika. Kabaidi kwa chuma hichohicho inataka mara nne ya hapo au zaidi, na mashine ndogo ikifika huko hukosa nguvu au huanza kutetemeka, kisha ncha ya kabaidi inameguka. Haispidi unainoa mwenyewe kwenye jiwe la kunolea, nayo husamehe. Kabaidi iweke kwa ajili ya chuma kigumu na ngozi ya chuma cha kalibu.

Ufunguo wa chaki usiachwe ndani ya chaki hata kwa sekunde unapogeuka kuchukua kitambaa. Glavu zisivaliwe mashine inapozunguka, na mikono ya kanzu ikunjwe juu ya viwiko.